Iridiamu au kobalti? Hesabu ya kufanya kabla Lubumbashi haijanunua chanzo cha tiba ya ndani

Chanzo cha iridiamu kikilala usiku mmoja forodhani, duane kama tunavyosema huku, kinapoteza asilimia 0.93 ya nguvu yake. Kobalti hupoteza asilimia 1.1 kwa mwezi mzima. Mtu wa Lubumbashi akiniuliza achague kipi kati ya viwili hivi, naanza na namba hizo, kwa sababu zinagusa barabara zetu, ndege zetu na makaratasi yetu kuliko chochote kilichoandikwa kwenye kijitabu cha muuzaji.

Ninachozungumzia ni brakitherapia ya kasi kubwa, tiba ya saratani inayoingiza chanzo cha mionzi ndani ya mwili. Kapsuli ndogo, nyembamba kuliko punje ya mchele, imeunganishwa kwenye ncha ya waya wa chuma. Mashine inausukuma waya hadi ndani ya mirija ambayo munganga, yaani daktari, ameiweka mwilini, kapsuli inasimama pale kwa sekunde ilizopangiwa, kisha inarudi kwenye sanduku lake la kinga. Kwa akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa kidogo, hatua hii ndiyo inayopeleka dozi kubwa kwenye uvimbe wenyewe huku kibofu na utumbo vikihurumiwa. Mionzi ya nje peke yake haifiki huko kwa usalama. Wengi wetu hapa tunamjua mama, shangazi au jirani aliyepanda basi, akavuka Kasumbalesa, akashuka hadi Lusaka kutafuta tiba hiyo. Siku hospitali ya mjini kwetu itakapokaa kuchagua mashine yake, ningependa wanaokaa mezani wawe wameshika kalamu.

Zamani swali hili halikuwepo, na sababu yake imelala kilomita chache kutoka Likasi. Urani ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915, na kuanzia 1922 Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilikuwa ikiisafirisha hadi Olen, Ubelgiji, kutoa radiamu. Sindano za radiamu zilizotibu wanawake wa Ulaya zilibeba udongo wa Katanga. Radiamu-226 ina nusu-maisha, yaani muda wa kupoteza nusu ya nguvu yake, ya miaka 1,600, kwa hiyo daktari alizidisha miligramu kwa saa na hesabu ikaisha. Sindano ya leo na ya miaka 10 baadaye zilikuwa kitu kilekile. Iridiamu na kobalti hazina utulivu huo. Kila mojawapo inashuka kwa mwendo wake, na tiba iko salama pale tu mtu anapojua, siku ile na saa ile, kapsuli inatoa nini.

Hivi ndivyo zinavyokaa zikiwekwa bega kwa bega (GBq na MBq ni bekereli kwa mabilioni na kwa mamilioni, MeV ni nishati ya fotoni, yaani chembe ya mionzi, grei ni kipimo cha dozi, na kerma nitaieleza chini):

| | Iridiamu-192 | Kobalti-60 |
|---|---|---|
| Nusu-maisha | siku 73.8 | miaka 5.27 |
| Nishati ya wastani ya fotoni | karibu MeV 0.38 | MeV 1.25 |
| Chanzo kipya cha kawaida | GBq 370 | GBq 74 |
| Kerma ya hewa kwa kila MBq, umbali wa mita 1 | mikrogrei 0.11 kwa saa | mikrogrei 0.306 kwa saa |
| Chanzo kipya, umbali wa mita 1 | miligrei 40.7 kwa saa | miligrei 22.6 kwa saa |
| Dozi kwenye maji, umbali wa sm 1 | karibu grei 452 kwa saa | karibu grei 247 kwa saa |
| Chanzo hubadilishwa | kila miezi 3 au 4 | karibu kila miaka 5 |
| Zege la kupunguza mionzi mara 10 | karibu sm 15 | karibu sm 22 |

Tazama mstari wa tatu na wa sita pamoja. Kwa bekereli, iridiamu ni mara 5 ya kobalti. Kwa dozi inayofika kwenye maji, na mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, ni mara 1.8 tu. Nimewahi kumsikia mkubwa mmoja wa utawala akisema kwamba muuzaji wa kobalti anatuletea chanzo hafifu, moja ya tano ya kile kingine. Hakuwa mjinga, alisoma namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya bei. Kila kiini cha kobalti kinapovunjika hutoa fotoni mbili nzito, ya MeV 1.17 na ya MeV 1.33, na hizo hubeba nishati nyingi kuliko zile za iridiamu. Bekereli inahesabu viini vinavyovunjika kwa sekunde. Haisemi lolote juu ya kinachotoka.

Kwa nini bekereli haitoshi

Kuna sababu nyingine, nayo ndiyo iliyowafanya wanafizikia waache kupanga tiba kwa bekereli au kwa kyuri, kipimo cha zamani cha kitu kilekile. Chanzo kimefungwa ndani ya kapsuli ya chuma cha pua. Chuma hicho kinameza sehemu ya mionzi, na madini yenyewe yaliyo ndani yanajimezea sehemu nyingine kabla haijafika kwenye chuma. Kwa hiyo kiasi kilichomo ni kingine na kiasi kinachotoka ni kingine. Aliyetaka kutoka kwenye bekereli kufika kwenye dozi alihitaji kigezo cha kubadilisha, na kwa iridiamu vigezo vilivyochapishwa kwa miaka mingi vilitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10. Hospitali mbili zenye chanzo kilekile ziliweza kuwapa wagonjwa dozi mbili tofauti, kila moja ikiamini iko sahihi, kwa sababu tu moja ilisoma jedwali hili na nyingine jedwali lile.

Dawa yake ni kupima kinachotoka. Nguvu ya kerma ya hewa inaeleza nishati ambayo fotoni zinaikabidhi hewa kwa kila kilo, kwa saa, zikipimwa mbali na kapsuli na kurudishwa kwenye umbali wa mita 1. Kapsuli imekwisha kumeza ilichomeza. Hesabu inaanzia nje yake. Cheti kinachokuja na chanzo, chochote utakachochagua, lazima kiandikwe kwa kipimo hiki. Cheti chenye bekereli peke yake kirudisheni.

Kutoka hapo kwenda kwenye dozi ya mgonjwa kuna njia moja ambayo ulimwengu mzima unaifuata. AAPM, chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, ilitoa utaratibu wa TG-43 mwaka 1995 na kuusahihisha mwaka 2004. Unachukua nguvu ya kerma, unazidisha kwa kigezo cha kasi ya dozi cha aina ile ya kapsuli, kisha unazidisha kwa vitu vitatu: jiometri, yaani jinsi mionzi inavyotawanyika kadiri unavyokwenda mbali, upungufu na mtawanyiko ndani ya maji, na uelekeo, kwa maana kapsuli haimwagi mionzi sawasawa pande zote, hasa upande wa ncha na upande wa waya.

Tufanye kwa mkono. Iridiamu mpya ina miligrei 40.7 kwa saa kwa mita 1. Kigezo cha kasi ya dozi ni karibu 1.11, na ukiirudisha hadi sentimita 1 unapata kama grei 452 kwa saa. Kobalti ina 22.6, kigezo chake ni karibu 1.09, unapata kama grei 247 kwa saa. Kwa sentimita 2, umbali ambao wanaotibu mlango wa kizazi wanaufahamu vizuri, gawanya kwa 4, kwa kuwa dozi hushuka kwa mraba wa umbali. Sasa tuseme unataka grei 7 hapo, na chanzo kimesimama mahali pamoja. Tiba halisi husimama mahali pengi, lakini mfano huu unatosha kulinganisha, nikiacha upungufu mdogo wa kwenye maji. Iridiamu mpya: dakika 3 na sekunde 43. Kobalti mpya: dakika 6 na sekunde 48.

Hapa wauzaji wa iridiamu husimama. Muda ni nusu, mgonjwa halali na mirija ndani kwa muda mrefu, na umeme ukikatika, jambo ambalo wateja wa SNEL hawahitaji kuelezwa, kuna uwezekano mdogo wa kukatisha tiba katikati. Ni kweli. Ni kweli siku ya kwanza.

Baada ya siku ya kwanza

Siku ya 64 iridiamu imeshuka hadi pale kobalti mpya ilipoanzia. Siku ya 90 imebaki asilimia 43, na zile grei 7 zinachukua dakika 8 na sekunde 39. Chanzo kipya kikichelewa, na siku ya 180 bado mnatumia kile cha zamani, imebaki asilimia 18 na mgonjwa analala dakika 20. Kobalti baada ya miaka 5 kamili ina asilimia 52 na inahitaji dakika 13. Yaani kobalti iliyochoka kwa miaka mitano bado inashinda iridiamu iliyocheleweshwa kwa miezi miwili au mitatu.

Na kucheleweshwa kunaanza kabla hamjakifungua kifurushi. Chukua siku 20 tangu kiwandani hadi kwenye mashine: ndege hadi Johannesburg, kusubiri nafasi kwenye ndege ya Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, kwa kuwa si kila rubani anakubali kubeba mzigo wa mionzi, kibali cha CNPRI, kamati ya taifa ya kinga ya mionzi, duane, na fundi wa kampuni afike siku hiyohiyo na viza yake mkononi. Iridiamu imeshapoteza asilimia 17 na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyetibiwa. Kobalti katika siku hizohizo imepoteza asilimia 0.7. Kwa miaka mitano safari hiyo ya iridiamu mtairudia mara 15 hadi 20, na kila mara mnarudisha kile cha zamani kwa makaratasi yaleyale yakielekea upande wa pili. Kobalti, safari moja.

Hesabu ya mshuko yenyewe ni rahisi: gawanya siku zilizopita kwa nusu-maisha, inua nusu kwa kipeo hicho, zidisha kwa nguvu ya tarehe ya cheti. Ugumu uko kwenye neno tarehe. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika siku kwanza. Cheti kikitoka kwa watu wanaoanza na mwezi, 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, kwao ni tarehe 4 Machi. Siku 30 katikati. Kwa iridiamu hiyo ni karibu robo ya dozi. Kwa kobalti ni asilimia 1, ambayo inapotea ndani ya makosa ya kawaida ya kupima. Iridiamu haisamehe aliyesoma tarehe vibaya, na nawasihi wote wanaoichagua waandike mwezi kwa herufi, kwenye kila fomu na kwenye kompyuta ya mashine.

Lakini kobalti ina mtego wake, na ni mbaya kwa sababu ni wa taratibu. Kati ya 1974 na 1976, hospitali moja ya Columbus, Ohio, ilikuwa na kobalti ya tiba ya nje, kapsuli kubwa ya kumurika kutoka mbali. Mstari wa mshuko ulichorwa vibaya kwenye grafu, ukawa unaonyesha chanzo kinadhoofika haraka kuliko hali halisi. Kila mwezi muda wa tiba uliongezwa kufidia udhaifu usiokuwepo. Miezi 22 ilipita bila mtu kupima kinachotoka. Wagonjwa 426 walizidishiwa dozi, wengine kwa kiasi kikubwa sana. Kobalti inashuka polepole mpaka inakubembeleza uamini karatasi. Iridiamu walau inakulazimisha upime kila miezi mitatu, kwa kuwa kila miezi mitatu kuna chanzo kipya mbele yako na cheti kipya cha kukithibitisha.

Mwaka 1988 huko Exeter, Uingereza, kobalti mpya ya tiba ya nje ilipimwa vibaya siku ya kwanza na wagonjwa 207 wakapata dozi iliyozidi kwa asilimia 25, kwa sababu muda uliotumika kupima uliandikwa kuwa dakika 0.5 wakati ulikuwa 0.4. Hapo mshuko haukuwa na kosa lolote. Mtu mmoja alipima, na hakuna wa pili aliyerudia.

Kupima mita 1,200 juu ya bahari

Sehemu hii ningeomba isomwe mara mbili, maana vitabu vingi vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari.

Kifaa cha kupimia ni chemba ya kisima: chungu cha chuma chenye tundu katikati, chanzo kinashuka kwenye tundu, hewa iliyo ndani ya kuta za chungu inapata ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na elektromita inasoma mkondo mdogo wa umeme. Unatafuta kwanza mahali ambapo usomaji ni mkubwa kuliko kote kwa kusogeza chanzo milimita chache chache. Unaiweka chemba kwenye meza nyepesi, mita moja kutoka kila ukuta, ili mionzi inayorudi kutoka kwenye zege isiingie kwenye hesabu. Unaiacha chumbani angalau nusu saa ipate joto la chumba.

Kisha unasahihisha hewa. Chemba nyingi ziko wazi, hewa ya ndani ni hewa ya chumbani. Hewa ikiwa nyepesi, ioni ni chache, usomaji unashuka ingawa chanzo ni kilekile. Cheti cha chemba kinadhani mgandamizo ni kilopaskali 101.325, hewa ya usawa wa bahari. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu. Mgandamizo wetu ni kama 87.5. Chumba kikiwa na nyuzi 26 na cheti kikitumia 20, usomaji lazima uzidishwe kwa 1.18. Asilimia 18! Wenzetu wa Goma na Bukavu, walio karibu mita 1,500, pengo lao ni kubwa zaidi.

Nilikuwa na kijana mmoja mwanafizikia, mahali nisipopataja, siku ya kupokea chanzo. Alinijia uso umemshuka.

"Mwalimu, chanzo kimekuja dhaifu. Kiko asilimia 14 chini ya cheti. Tuwapigie kiwandani?"

"Mgandamizo umeupata wapi, mdogo wangu?"

Akanionyesha simu. Utabiri wa hali ya hewa wa uwanja wa ndege, hektopaskali 1018. Namba hiyo imesahihishwa irudi usawa wa bahari, kwa ajili ya marubani kupanga vipima-urefu vyao. Hewa iliyokuwa ndani ya chumba chetu haikuwa hiyo. Tukachukua barometa, ikasoma 875. Chanzo kikakubaliana na cheti ndani ya asilimia 1.

Fikiria kama hangekuwa na cheti cha kulinganisha, au kama angekiamini kipimo chake zaidi ya cheti. Angeona chanzo ni dhaifu, angeongeza muda, na kila mama aliyepangiwa grei 7 angepata 8.1. Kwa mara nne za tiba, kibofu na utumbo mnyoofu vingelipa. Mwongozo unaotumika sana ni huu: tofauti ikizidi asilimia 3 tafuta sababu yake, ikizidi asilimia 5 usitibu mtu mpaka jibu lipatikane. Kijana yule alifanya vizuri kuja kuuliza.

Katika kupima, iridiamu na kobalti zinatofautiana kwa jambo moja ambalo wanunuzi husahau. Kigezo cha chemba kilichotolewa kwa iridiamu hakifai kwa kobalti. Fotoni nzito za kobalti zinapiga kuta za chemba kwa namna nyingine, na tofauti inaweza kufika asilimia kadhaa. Maabara zinazotoa kigezo cha kobalti ni chache kuliko za iridiamu. Ukichagua kobalti, andika kwenye mkataba kwamba chemba inakuja na kigezo cha kobalti kwa aina ileile ya kapsuli. Muuzaji akisema kitakuja baadaye, pesa nazo zije baadaye.

Yaliyobaki, kwa haraka

Ndani ya mwili, kwa sentimita zile ambazo tiba inafanyika, ramani za dozi za iridiamu na kobalti zinafanana sana. Sheria inayotawala hapo ni ya mraba wa umbali, na haijali kapsuli ina nini. Mrija ukisogea milimita 1 tu, dozi ya sentimita 1 inabadilika kwa asilimia 17 hivi; ya sentimita 2, kwa asilimia 9. Mkono wa munganga anayeweka mirija na nesi anayemsafirisha mgonjwa bila kumtikisa wana uzito kuliko ubishi wetu huu. Ukubwa wa kapsuli pia haubagui siku hizi. Za kobalti zimetengenezwa nyembamba kama za iridiamu.

Kuta zinabagua. Tuseme mlango wa jirani unahitaji mionzi ya iridiamu ipunguzwe mara 10,000. Hiyo ni sentimita 61 za zege. Kobalti inaanza na nguvu ndogo kidogo, kwa hiyo inasamehewa kiasi, lakini bado inataka kama sentimita 82. Kama mnajenga chumba kipya, sentimita 20 za ziada si jambo la kuzuia uamuzi, saruji na kokoto tunavyo. Kama mnataka kutumia chumba cha zamani kilichojengwa kwa iridiamu, swali limejibiwa kabla ya kuulizwa.

Fundi. Kila chanzo cha iridiamu kinakuja na mtu wa kukibadilisha, naye hukagua waya, breki na saa ya mashine. Kobalti ikiletwa, fundi anaweza asionekane kwa muda mrefu isipokuwa mmelipia ziara zake. Waya za mashine hizi huchoka. Novemba 1992, katika mji wa Indiana, jimbo la Pennsylvania, kapsuli ya iridiamu ilikatika ikabaki mwilini mwa mgonjwa, akarudishwa alikotoka nayo ndani, akafariki. Kulikuwa na kengele ya mionzi chumbani. Haikuaminiwa, na hakuna aliyempima mgonjwa kwa kifaa cha mkononi. Ziara za fundi mziweke kwenye bajeti ya kobalti, na kila chumba kiwe na kifaa cha mkononi, kwa vyanzo vyote viwili.

Sesiamu-137 ningeiacha. Nusu-maisha yake ya miaka 30 ni rahisi kwa hesabu, lakini haifai kwa kasi kubwa ndani ya kapsuli ndogo. Mbegu za iodini-125 ni za tezi dume na huachwa mwilini. Ni mazungumzo mengine.

Jambo la mwisho linanikosesha usingizi kuliko kuta. Chanzo cha iridiamu kikisahauliwa stoo kwa miaka miwili, kimepita karibu nusu-maisha 10 na kimebaki kama sehemu moja kati ya 1,000 ya kilivyokuwa. Kobalti ya miaka mitano bado ina karibu GBq 38, na itabaki hatari kwa miongo. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, chanzo cha sesiamu kilichoachwa kwenye kliniki iliyohamwa kilichukuliwa na waokota vyuma, kikapasuliwa, watu wanne wakafa. Sisi tunaishi katika mji ambao neno kobalti lina bei. Linanunuliwa kwa kilo pembeni mwa barabara ya Kolwezi, na mtoto anayejua kusoma akiliona limeandikwa kwenye sanduku ataelewa pesa. Pesa ya kurudisha chanzo cha zamani lazima iwekwe benki siku kile kipya kinaponunuliwa, na mkataba utaje nani anakichukua, lini, kwa ndege gani. Hospitali isiyoweza kulipa hilo leo isichukue kobalti.

Nani achukue nini

Kwa hospitali ya Lubumbashi inayojenga chumba kipya, yenye wagonjwa wa mlango wa kizazi kama kazi yake kubwa, ningechagua kobalti. Tofauti ya dakika chache kwa mgonjwa inafidiwa na miezi ambayo hakuna mgonjwa anayerudishwa nyumbani kwa sababu chanzo kimekwama Luano. Mashine isiyo na chanzo kwa wiki sita ni akina mama ambao mionzi yao ya nje imekwisha na nafasi ya kuwatibu kwa wakati inapita.

Kwa hospitali yenye chumba cha zamani chenye kuta nyembamba, au yenye wagonjwa wengi mno kwa siku kiasi kwamba kila dakika ni foleni, au yenye mfadhili aliyetia saini kulipia vyanzo na ndege zake kwa miaka kadhaa, iridiamu ni sawa. Panga basi oda itoke kabla ya siku ya 60, usisubiri ya 90, na uhesabu siku 20 za njiani kama sehemu ya maisha ya chanzo.

Chochote mtakachochukua, chemba ya kisima, elektromita na barometa vifike kabla ya mashine. Mwanafizikia azizoee, apime hewa ya chumba asubuhi ya baridi ya Juni na mchana wa joto la Oktoba, aandike namba zake daftarini. Na siku chanzo kinapotua, wapime watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuonyeshana karatasi mpaka wote wamemaliza.